Udongo wa Nani?

Tulipochimba kiwanja cha nyumba ya mwalimu, mlimani Uluguru, udongo tuliutupa ukingoni. Mvua ya usiku mmoja ikaupeleka chemchemini kwa bibi jirani. Wenzangu wakasema, "Mvua ni ya Mungu, kosa letu nini?" Naam, walakini majani yaliyoushika udongo tuliyang'oa sisi. Hata Bwawa la Mindu, liunyweshalo mji wa Morogoro, hupungua kina kwa tope litokalo juu.

Baadaye tulichimba mfereji juu ya kiwanja, tukatandaza nyasi kavu. Shimo la kunasia tope peke yake halitoshi, ndugu msomaji, maana mchanga hutuama upesi, bali mfinyanzi hukaa majini ukapita. Bibi yule alichota matope siku nne. Hatujamlipa.