Yule Aliye Chini ya Gari

Pita garaje yoyote ya Mangobo au Kabondo saa nne asubuhi, utaona miguu. Miwili inatokeza chini ya Hiace, miwili mingine chini ya Land Cruiser iliyorudi na matope ya njia ya Bafwasende. Mwenye miguu amelala juu ya katoni, mafuta machafu yanamdondokea kifuani, na gari limeshikiliwa na jeki moja, rimu mbili zilizopandanishwa na kipande cha gogo. Kisangani hatuna mwezi usio na mvua. Ardhi ikilainika, jeki huzama upande mmoja polepole. Mafundi wanalijua hilo vizuri kuliko mimi, na wanaingia hivyo hivyo, kwa sababu mteja anangoja na watoto nyumbani wanataka kula.

Kwa hiyo niliposikia mpwa wangu amenunua lifti ya gari ya mtumba, nilifurahi kweli. Ni ya nguzo mbili, na kibati chake kinasema inabeba tani 4. Imefanya kazi Ubelgiji, ikateremshwa Matadi, ikafika Kinshasa, halafu ikapanda mto juu ya baji zaidi ya kilomita 1,700 hadi bandari yetu, pamoja na abiria, magunia na mbuzi. Bei yake ilikaribia ile ya pikipiki mpya. Alikusudia kuisimamisha uani kwao, Makiso, chini ya paa la mabati ambako marehemu baba yake alikuwa akilaza gari.

"Mjomba, chuma nimeshanunua, na sakafu ipo," aliniambia. "Kesho tunatoboa."

Nikamwomba asitoboe kwanza.

Mtu akiiona lifti ya nguzo mbili hudhani uzito wa gari unashuka moja kwa moja hadi ardhini. Sivyo. Mikono inayobeba gari imejitokeza mbele ya nguzo, kwa hiyo gari likipanda, kila nguzo inataka kuinama kuelekea mwenzake. Kinachoizuia ni boliti za nyuma ya bamba lake, na boliti hizo hazigandamizwi, zinavutwa juu, kama kung'oa msumari. Zege likiwa jembamba au bovu, boliti itatoka na kipande chake. Watengenezaji wengi hutaka zege zima lisilo na ufa, lenye unene usiopungua sentimita 10, wengine zaidi, na boliti zikae mbali na ukingo. Anayenunua lifti ya mtumba amenunua nusu tu ya chombo. Nusu ya pili iko ardhini, na hiyo haiuzwi bandarini.

Tulimwita fundi mwashi. Akapita sakafuni na nyundo, akigonga na kusikiliza. Sehemu kubwa ilitoa mlio mkavu. Karibu na ukuta wa kushoto, pale pale iliposubiriwa nguzo moja, mlio ukabadilika. Alipopasua, tukakuta zege la unene wa vidole vitatu, na chini yake matofali yaliyovunjika, vipande vya bati na udongo mlegevu.

Dada yangu alitoka jikoni akaja kusimama juu ya shimo. Akasema: hapo ndipo lilipoangukia kombora. Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu ambao si wa yeyote kati yao, na makombora yaliyotuangukia yalikuwa maelfu. Shemeji yangu alijaza shimo kwa kifusi cha ukuta wake mwenyewe, akalifunika kwa saruji aliyoweza kuipata wakati ule. Sina neno juu yake. Alifanya alichoweza, na sakafu ile ikabeba viti vya harusi na vya matanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Naamini mji huu una sakafu nyingi za namna hiyo. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya miaka ile ya vita. Nilipotazama kile kifusi niliona jinsi madhara yanavyoweza kukaa chini ya miguu ya watu, yamefagiliwa vizuri kila asubuhi.

Hapo ndipo mabishano ya ukoo yalipoanza. Kuvunja, kuchimba, nondo, kokoto, mchanga wa mtoni, na saruji ambayo hapa kwetu bei yake hubeba safari nzima iliyoileta: hesabu ilikaribia nusu ya bei ya lifti yenyewe. Mzee mmoja wa familia, mtu wa heshima ninayempenda, akasema hizo ni pesa za kuzika. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu. Wavuvi Wagenya, kwenye maporomoko hapo juu ya mji, husimamisha magogo yao ndani ya mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba mwambani, wakayafunga kwa kamba za porini, kisha wanapanda juu ya maji yanayonguruma kushusha na kuinua migono. Sijasikia Mgenya anayeona jasho la kukaza gogo ni jasho la bure. Anajua nani atasimama juu yake.

Na chini ya lifti yetu atasimama nani? Mpwa wangu, ndiyo, lakini zaidi kijana anayejifunza kazi kwake, mtoto wa jirani, anayetumwa spana na kulipwa chakula na pesa ndogo. Huyo ndiye atakayekuwa chini ya tani mbili za Prado kila siku, na hakuulizwa lolote kuhusu unene wa zege. Kwangu mimi suala lote ni yeye. Ukitaka kujua tunavyomthamini mfanyakazi, angalia tulichomwekea pale asipoweza kukagua mwenyewe.

Zege likamwagwa, sentimita 20, wavu wa nondo ndani. Mpwa alitaka kufunga lifti baada ya wiki. Zege huhesabiwa kuwa limekomaa baada ya siku 28, nami sikulegeza. Maji ya mvua yalitusaidia kulilowesha. Halafu nguzo zikasimamishwa kwa timazi, boliti mpya za milimita 19 zikaingia, maana boliti za zamani hazirudiwi. Mota ya Ubelgiji ilitaka umeme wa njia tatu ambao nyumba haina, ikabadilishwa. Kuhusu umeme wenyewe, mitambo ya Mto Tshopo ina siku zake, na hili lilitaka somo la pekee: gari likishapanda lazima lishushwe kidogo hadi likae juu ya kufuli za chuma, lisiachwe likining'inia kwa mafuta ya pampu. Kuzifungua kufuli hizo ni lazima uinue tena kidogo. Umeme ukikatika, gari linabaki juu na mwenye gari anarudi kwa mguu. Mpwa alimfundisha yule kijana kusikiliza kufuli zikiingia pande zote mbili kabla ya kupita chini.

Tulibakiwa na kebo mbili za chuma zinazofanya mikono ipande sawasawa. Mpwa alichukua kitambaa, akakizungushia kebo, akakivuta taratibu kutoka juu. Karibu na kapi kitambaa kilinasa. Akakigeuza, akatuonyesha nyuzi tatu za chuma zilizokatika, fupi, kali, zimechomoza nje.

Mwenye Prado alikuwa amesimama hapo, ameletwa na sifa za lifti mpya. Akasema nyuzi tatu kati ya nyingi hivyo si kitu, na yuko tayari kulipa mara mbili. Mimi sikufungua mdomo. Mpwa wangu akamrudishia ufunguo, akamwambia kazi ile ingoje, au aipeleke kwingine bila kinyongo. Kebo mpya zimeagizwa Kampala. Zitapita Kasindi na Beni, na njia ile haimwahidi mtu tarehe. Kijana ameambiwa asiwashe mota hata kwa majaribio.

Prado ilipelekwa kwingine.