KHUTBA YA IJUMAA: ANAYEIKIMBIA POMBE TUSIMWEKEE KIKWAZO NJIANI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kupokea toba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada.

Ndugu zangu Waislamu, ninawausia nyinyi, na ninaiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tuongee habari ya ndugu aliyeacha pombe, na sasa anajitayarisha kwa mashindano yake ya kwanza ya mbio, kilometa 10. Nyinyi wa hapa Kindu mmekwisha kumuona mtu wa namna hiyo: baada ya Swala ya Alfajiri anakimbia kando ya barabara na viatu vya mtumba. Watoto wanamcheka. Hilo si neno, watoto ni watoto. Lakini wako watu wazima, wenye kufunga na kuswali, wanaosema: "Mlevi wa lotoko huyo, anakimbia kwenda wapi? Atairudia tu." Hao ndio khutba hii inawahusu kwanza.

Sikilizeni. Bukhari amepokea habari ya mtu wa Madina, jina lake Abdullah, aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara nyingi kwa sababu ya ulevi, akapigwa viboko. Siku moja mtu mmoja akamlaani. Mtume akakataza, akasema kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika Hadithi nyingine aliwakataza masahaba wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Basi, ikiwa aliyekuwa bado anakunywa hakulaaniwa, sembuse huyu aliyekwisha kuacha?

Wengine wanasema mbio ni mchezo wa kitoto. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, mara nyingine Mtume akashinda. Mwili ni amana, na mwenye kuutengeneza baada ya kuuharibu anairudisha amana mahali pake.

Tena angalieni jinsi pombe ilivyokatazwa. Kwanza watu waliambiwa kuwa madhara yake ni makubwa kuliko faida yake (Sura 2, aya 219). Kisha wakakatazwa kuikaribia Swala wakiwa wamelewa (Sura 4, aya 43). Mwisho ikakatazwa kabisa (Sura 5, aya 90), na watu wa Madina wakaimwaga njiani. Leo hukumu ni moja: kidogo chake na kingi chake ni haramu. Lakini tumejifunza kuwa Mola wetu anajua udhaifu wa mja wake, na anamlea hatua kwa hatua.

Enyi wenye ndugu mlevi, fahamuni jambo hili. Aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi msimfungie chumbani ili aache kwa nguvu. Mwili uliozoea pombe, ikikatwa ghafla, hutetemeka na kutoka jasho. Katika siku 2 au 3 za kwanza mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, kuona vitu visivyokuwako, hata kufa. Msiseme ni majini. Mpelekeni hospitali upesi.

Na wewe ndugu unayekimbia, mwulize kwanza muuguzi kama moyo wako unaweza. Anza kwa kutembea, kimbia dakika chache, tembea tena. Siku 3 kwa juma zinatosha mwanzoni. Usitegemee mbio peke yake: ushike Swala, na uwe na mtu mmoja wa kumwendea usiku hamu inapokuja. Hamu hupanda, kisha hushuka, mradi usikae karibu na chupa.

Jihadhari zaidi na mwisho wa mashindano. Umechoka, una njaa, una kiu, umefurahi, na marafiki wa zamani wanakuita: "Umeshinda, twende nganda, moja tu ya baridi." Hapo mbio za kweli zinaanza. Kwa hiyo sisi majirani tusibaki nyumbani siku hiyo. Tumngoje pale mwisho na maji na ndizi, tumsindikize mpaka kwake, tuswali naye. Kesho yake pia tumpitie Alfajiri, maana siku isiyo na mashindano ndiyo ndefu.

Na kama ataanguka, tusishangilie. Tumwinue, arudi kwenye toba. Mlango wake haujafungwa maadamu roho haijafika kooni.

Ee Mola, wape nguvu wanaoikimbia pombe, na utulinde ndimi zetu tusiwe kikwazo njiani mwao. Amin.

Wa billahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.