Nani Alipie Kimya cha Swichi?

Sisi tunaofanya kazi za mitambo huku Ghuba tuna swali ambalo hatukusomeshwa chuoni, na leo tunalileta mbele yenu ingawa wengi wenu si mafundi. Kifaa kikinyamaza, tuseme kuna salama au kuna hatari?

Juu kabisa ya njia ya ndoano ya winchi hukaa swichi ndogo, haizidi kiganja. Mafundi huiita limiti swichi. Sisi tuiite swichi ya kikomo. Ndoano ikipanda mpaka hapo huisukuma, na mota hutakiwa isimame. Kuiunga kuna njia mbili. Katika ya kwanza waya hauna umeme. Swichi ikiguswa ndipo umeme hupita kwenda kuiambia kompyuta ya mtambo isimamishe. Katika ya pili umeme, kwa kawaida volti 24, hupita muda wote, na swichi ikiguswa hukatika. Siku ya majaribio zote mbili husimamisha mota, na mkaguzi huondoka ameridhika. Tofauti huja siku waya unapokatika. Kwa njia ya kwanza hakuna anayejua. Kwa ya pili winchi husimama papo hapo.

Wazee wetu wanaoishi peke yao ughaibuni husema, "Nikizidiwa nitawapigia simu." Hiyo ndiyo njia ya kwanza, maana aliyezidiwa ndiye asiyeweza kupiga.

Miaka mingi iliyopita tulipitisha mchoro wa njia ya kwanza. Saini ilikuwa yetu. Waya ulikuwa ukisuguana na chuma siku baada ya siku mpaka ukakatika, na kazi ikaendelea kama kawaida. Asubuhi moja ndoano tupu ilipanda, ikapita kikomo, ikajibana juu, kamba ya chuma ikakatika. Ndoano na kapi lake vilianguka hatua mbili kutoka kwa kijana aliyeinama akifunga mnyororo kwenye mzigo uliofuata. Aliinuka, akaitazama ndoano, kisha akatutazama sisi. Hakusema neno.

Kwa nini tuliupitisha? Hatukuwa wajinga, digrii ya Ulaya ilikuwa imetundikwa ukutani. Lakini njia ya pili ina adha yake. Skrubu ikilegea, winchi inasimama. Maji yakiingia kwenye kiungo, inasimama. Watu wanakaa bure, msimamizi anafoka, sisi tunaamshwa usiku, na tukifika tunakuta hapakuwa na hatari yoyote. Tulitaka mtambo usiotusumbua.

Basi kila njia ina uongo wake. Njia ya pili hudanganya kwamba kuna hatari, na gharama yake humwangukia mwenye kiwanda kwa saa za kazi, na sisi kwa usingizi. Ya kwanza hudanganya kwamba kuna salama, na anayelipa ni aliye chini ya ndoano, ambaye hakuuona mchoro wala hakuulizwa. Sisi tulidhani tunachagua waya tu.

Wala si elimu mpya. Mmarekani William Robinson alipata hataza mwaka 1872 kwa kupitisha umeme muda wote ndani ya reli, ili reli ikivunjika umeme ukatike na ishara ionyeshe hatari. Hata hivyo, tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, taa moja ilizimika na waendeshaji wakaamini vali imefunga. Taa ile ilifuata amri iliyopelekwa kwenye vali, haikufuata vali yenyewe. Vali ilibaki wazi zaidi ya saa 2, na sehemu kubwa ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Njia ya pili nayo haitoshi peke yake. Ncha za swichi huweza kugandana kwa joto, kwa hiyo hutakiwa swichi ambayo kile kinachoisukuma ndicho kinachozitenganisha kwa nguvu, bila kutegemea springi. Na juu yake huwekwa swichi nyingine ya kukata umeme wa mota bila kuiuliza kompyuta. Hata hapo fundi aliyechoshwa anaweza kuunga kipande cha waya kuiruka swichi, na umeme ukapita daima kana kwamba kuna amani. Ni kosa kubwa. Lakini kabla ya kumfukuza, tuulize ni mara ngapi swichi ile ilimsimamisha bure, na nani alipelekewa habari akapuuza.

Tuliiunga upya winchi yetu kwa njia ya pili. Mwezi wa kwanza ilisimama mara tatu, zote kwa skrubu ileile. Mara ya tatu tulipofika na bisibisi, kijana yule alikuwa amekwisha kuleta ngazi, anatungoja.