Luka Aliwauliza Waliokuwapo



Mwinjili Luka hakuwa miongoni mwa wale Kumi na Wawili. Mwanzoni kabisa mwa kitabu chake anamweleza Theofilo kwamba habari hizi zilitoka kwa walioshuhudia, naye akazichunguza kwa makini kabla ya kuziandika kwa taratibu. Kazi ya Roho Mtakatifu, naam, lakini ilipitia kwa mtu aliyejua kuuliza.

Namkumbuka Luka kwa sababu ya Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria wa Kenya aliyefariki Januari 30, 2025, akiwa na miaka 95. Mzaliwa wa Gem, alisoma Maseno, Makerere, kisha Uskoti na London. Zama hizo wasomi wengi waliamini kuwa pasipo maandishi hakuna historia. Hata mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper wa Oxford alitamka kwamba Afrika ina historia ya Wazungu waliofika huku tu, mengine ni giza. Ogot aliketi na wazee wa Kijaluo. Kitabu chake cha 1967 kinaeleza jinsi Wajaluo walivyohama na kupata makazi kuanzia karibu mwaka 1500, na sehemu kubwa kimetoka vinywani mwa wazee hao. Baadaye aliongoza kamati ya UNESCO ya Historia Kuu ya Afrika.

Kinachonivutia zaidi kwa Ogot ni namna alivyosikiliza. Masimulizi ya ukoo mmoja aliyapima kwa masimulizi ya ukoo mwingine. Alihesabu vizazi, baba, babu, baba wa babu, ndipo akakadiria miaka. Maana mzee husahau, tena hupamba, hasa anaposimulia ugomvi wa ng'ombe ambao ukoo wake ulishinda. (Waumini wenzangu wa hapa Bashay mnanielewa.) Kumheshimu mzee ni pamoja na kumrudia na kumuuliza tena.

Nasi hapa kanisani tuna la kuuliza. Rejista yetu ya ubatizo hutupa jina, tarehe na wasimamizi. Haituelezi ni nani katika ukoo aliyetoka Kainam, kwenye asili ya Wairaqw, alifuata nini, aliishije na jirani zake Wadatoga, wala nani alimkaribisha mwinjilisti wa kwanza nyumbani kwake. Slufay, sala ya wazee wa Kiiraqw, nayo haimo humo.

Vijana wa kipaimara, wiki hii kila mmoja amwendee babu au bibi mmoja, na daftari mkononi. Muulizeni kwa Kiiraqw au Kidatoga, lugha anayoimudu yeye, hata kama mtaandika kwa Kiswahili. Msimkatize. Andikeni jina lake na la ukoo wake. Wazee wawili wakipishana, msichague mshindi. Andikeni maneno ya wote wawili.