Ada Yangu na Filamu za Watu

Ada yangu ya sekondari ililipwa na filamu ambazo waliozitengeneza hawakupata hata shilingi. Baba mdogo alikuwa na kibanda umiza Chanji, mjini Sumbawanga: mabenchi sita, turubai, televisheni moja na deki ya Kichina iliyokubali diski yoyote. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Diski moja ilibeba filamu kumi na mbili, Kanumba akibanana na Wahindi waliotafsiriwa na mtu mmoja aliyeigiza sauti ya mume, ya mke, hata ya mbwa. Umeme wetu ulitoka Zambia, na ulipokatika Baba mdogo alirudisha viingilio kabla watu hawajalalamika. Ni mtu mwaminifu. Ndiyo maana swali hili linanisumbua.

Sasa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Muhula uliopita nilisoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nikagundua kwamba banda letu lilikuwa kosa tangu siku lilipofunguliwa. Mwaka 2013 zilikuja stempu za TRA za kubandikwa kwenye kasha za filamu na muziki. Bandani kwetu sikumbuki kuona hata moja.

Utetezi wetu ulikuwa mmoja: nakala halisi hazikufika Chanji, na hata zingefika tusingezimudu, kwa hiyo mwenye filamu hakupoteza kitu. Niliuamini kwa miaka mingi. Lakini Ufipa tunalima kwa ng'ombe. Chukua maksai wa jirani aliyesafiri, lima shamba lako, kisha warudishe zizini wakiwa wameshiba. Hakupoteza kitu. Hata hivyo, ukivuna bila kumpelekea angalau debe moja la mahindi, mtaa mzima utajua wewe ni mtu wa namna gani. Deni lako halikutoka kwenye hasara yake, limetoka kwenye mavuno yako. Mavuno ya banda lile ni mimi, na cheti changu cha kidato cha nne.

Je, kama jirani huyo anakodisha maksai kwa dola tu?

Hapo nilikwama. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill waliongoza *Arusi ya Mariamu*, ambamo Amandina Lihamba anaigiza mwanamke mgonjwa anayeishia kwa mganga wa jadi. Gris-Gris Films, kampuni ya Mulvihill iliyoko Marekani, imekuwa ikiiuza kwenye DVD kupitia mtandao. Kuinunua kunahitaji kadi ya benki, dola na anwani ya posta. Bibi yangu angemtambua Mariamu mara moja, ila maktaba ya Chicago inamfikia kwa urahisi kuliko bibi. Nilitaka kuita huo uchoyo, nikashindwa. Mtengeneza filamu wa kujitegemea hana msambazaji wa Kariakoo wa kumpakia kwenye basi pamoja na vitenge. Duka la mtandaoni ndilo mlango alio nao, na kutoka Chanji mlango huo haufunguki. Hilo linapunguza lawama ya Baba mdogo. Deni sioni linalipunguza vipi.

Krismasi iliyopita mwalimu wangu aliniazima diski hiyo, nikaenda nayo nyumbani. Tuliiangalia sebuleni, bibi akijibizana na mganga kwa Kifipa. Ilipoisha Baba mdogo akatoa flashi mfukoni.

"Nirushie hiyo, mwanangu."

"Hapana, baba. Ya watu hii."

Alinitazama kwa muda. "Na zile zilizokusomesha zilikuwa za nani?"

Sikuwa na jibu, na sikumpa nakala. Niliona aibu kuwa mgumu kwa mtu ambaye ulegevu wake ndio ulionifikisha chuo. Usiku nilisikia akimweleza mama mdogo kwamba shule imeniharibu, kisha wakacheka.

Alfajiri alinisindikiza stendi. Kabla basi halijaondoka alipitisha noti ya shilingi 10,000 dirishani. "Mtumie huyo mwenye Mariamu," alisema. "Wengine utajua mwenyewe unaanzia wapi."

Noti ingali ndani ya daftari langu. Kadi yangu haikubali malipo ya nje, hivyo nimemwomba mwanafunzi mwenzangu anisaidie kwa yake. Ameniuliza nataka diski ngapi. Nimemwambia diski tumeshaiona, nataka kulipa tu, na bado ananiona kama sijaelewa swali.