Haki ya Wafu wa Vita

Kijana mmoja wa hapa Maramba alinishika mkono mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akaniuliza: "Shekhe, kila tarehe 25 Julai nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Jee, yafaa Mwislamu asimame na wenziwe siku hiyo, na hali wengi katika wafu hao walikufa katika vita vya Wazungu?" Nilimjibu kwa ufupi, kwani watu walikuwa wakitoka. Nyumbani nikaona kuwa jibu langu lilikuwa na upungufu, na upungufu huo ndio ulioniandikisha haya.

Asili ya jambo lenyewe si ya kale. Vita Vikuu vya kwanza vilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, na mwaka uliofuata George wa Tano, mfalme wa Uingereza, aliamrisha watu wanyamaze dakika mbili saa ile ile, kwa shauri la Percy FitzPatrick, aliyeiona desturi hiyo mjini Cape Town. Ajabu ni kuwa siku waliyoichagua haikuwa mwisho wa vita kwetu. Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wadachi alisalimisha silaha zake Abercorn, ambako leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba, wiki mbili nzima baadaye.

Nchi yetu nayo ina desturi zake. Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wengine huweka upinde na mishale, shoka na shada la maua. Kisha viongozi wa dini huomba dua. Khasa hukumbukwa wale wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambao wengi wao wamezikwa Kaboya, katika Muleba. Hao nchi yao iliingiliwa na jeshi la Idi Amin, wakaondoka kuilinda, na mwenye kuuawa akilinda mali yake na ahli yake tumekwisha fundishwa daraja yake. Kwao sioni mushkili.

Ama kunyamaza na kuweka silaha, hizo si ibada bali ni ada za watu, na asiyeitakidi ndani yake jambo la dini sioni la kumlaumia. Ila maiti hafaidiki na kimya. Mtume s.a.w. aliwaombea mashahidi wa Uhud baada ya miaka minane, hata masahaba wakaona kama mtu anayewaaga walio hai na waliokufa. Huko ndiko kukumbuka tulikorithi sisi.

Basi twende kwenye vita vya Wazungu. Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga askari kama elfu nane kutoka Bara Hindi, wakapigwa na Wadachi waliokuwa kama elfu moja tu, wengi wao askari weusi. Januari 1915, tarehe 18 na 19, walipigana tena Jasini, katika hii wilaya yetu ya Mkinga, na von Lettow akajeruhiwa hapo. Waislamu walikuwamo pande zote mbili. Tuwaite nini? Mtume s.a.w. aliulizwa juu ya mtu apiganaye kwa ushujaa, na kwa ajili ya ukabila, na ili aonekane. Akajibu kuwa aliye katika njia ya Mwenyezi Mungu ni yule apiganaye ili neno la Mwenyezi Mungu liwe juu. Askari wa shaba aliyesimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, mwenye bunduki yake kuelekea bandarini, hawezi kutwambia nia ya yeyote. Nasi tusijitie katika elimu ya ghaibu. Hili ndilo nililomjibu kijana, na ni sahihi.

Lakini yeye hakuuliza juu ya mpagazi, wala mimi sikumtaja. Upungufu ni huo.

Waingereza peke yao walichukua wapagazi karibu milioni moja katika vita hivyo. Ukitaka kumbukumbu yao nenda Kariakoo, kwani jina hilo ndilo jina la jeshi lao kwa Kiingereza, likageuzwa na ndimi zetu. Waliokufa hukadiriwa karibu laki moja, na wako wasemao zaidi. Na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa homa na kuhara, kwa unga usioiva na mizigo iliyowashinda. Hawakuwa na bunduki, na wengi walikamatwa vijijini mwao bila ya hiari. Sasa fungua Bukhari na Muslim uone wanaohesabiwa mashahidi: yumo aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo. Wanazuoni wetu wamesema kuwa huyo ni shahidi wa akhera. Huoshwa na kusaliwa kama maiti wengine, na malipo yake yako kwa Mola wake. Basi mpagazi Mwislamu aliyeanguka njiani kwa kuhara ana dalili mkononi, na yule mwenye bunduki twamngojea nia yake. Wasiokuwa Waislamu hali zao twamwachia Aliyewaumba.

Na wapagazi hawa wana madai. Mwaka 2021 tume ya Uingereza isimamiayo makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kisha iko mishahara: wengi walikufa kabla ya kulipwa, jamaa zao hawakutafutwa ipasavyo, fedha zikabaki serikalini. Sisi tukizika huuliza kwanza, nani anamdai maiti na maiti anamdai nani, kabla ya mirathi kugawanywa, na katika deni hili hakuna kuuliza dini ya mtu. Kwa hiyo shada la maua likitangulia hesabu, ufundi wa heshima umepinduliwa.

Mtu mmoja mweusi, na riwaya zimekhitilafiana kama ni mwanamke au mwanamume, alikuwa akifagia msikiti wa Mtume. Akafa, wakamzika bila ya kumwambia, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume s.a.w. alipouliza, aliwalaumu kwa kutomwambia, kisha akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akalisalia.

Sala ya ghaibu kwa wapagazi wale, katika madhehebu yetu ya Shafi, haisihi kwetu, kwa kuwa siku ya kufa kwao hatukuwa miongoni mwa waliolazimikiwa na sala hiyo. Dua na sadaka zasihi. Nimekwisha mwambia yule kijana, na Ijumaa ijayo, baada ya sala, tutawasomea.