Amani Kabla ya Jibu

Soma kwa ajili ya somo hili: Yeremia 28:1–11, Yeremia 29:1–11, Marko 9:14–27, Yohana 14:27, Yohana 20:19–29.

Fungu la kukariri: Yohana 14:27. Lirudieni pamoja kabla ya kuanza.

Kutoka Mpanda kuelekea Mto Ugalla, ambao maji yake huingia Malagarasi na kufika Ziwa Tanganyika, miombo imetanda pande zote. Katika mkoa huo wa Katavi yapo makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na mihogo, wakalea watoto na kuwazika wazazi wao.

Kuanzia mwaka 2007 walipewa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi waliomba uraia, na maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikubaliwa. Lakini waliambiwa pia kwamba makazi yatafungwa nao watahamishiwa mikoa mingine. Miaka ikapita. Hati za uraia zilianza kutolewa Oktoba 2014, na hatimaye mpango wa kuwahamisha uliachwa. Katikati ya miaka hiyo, maswali ya nyumbani yalikuwa mazito: Je, tuezeke upya? Je, tupande mwembe? Mwembe hauzai mwaka unaopandwa.

Hofu ya namna hii haina tarehe ya mwisho. Huenda wewe nawe unaijua: unangoja majibu ya vipimo, hukumu ya kesi ya shamba, au habari za mtoto aliyeondoka. Je, mwamini aishije jibu lisipofika?

Sauti mbili kuhusu uhamisho

Watu wa Yuda walisikia sauti mbili kuhusu uhamisho wa Babeli. Hanania alitangaza kwamba katika miaka miwili yote yatakwisha. Ujumbe wake ulipendeza, nao ulikuwa uongo. Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa Babeli barua iliyotaja miaka 70, akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea mji walikohamishwa.

Katika Yeremia 29:7 neno la Kiebrania *shalom*, yaani amani, linatokea mara tatu, kisha linarudi katika fungu la 11, Mungu anapoeleza mawazo aliyo nayo kwa watu wake. Bwana hakuwaambia wangoje amani ndipo wapande. Kila mbegu iliyofukiwa katika udongo wa Babeli ilikuwa ungamo kwamba Mungu yupo hata huku.

Hapa pana onyo kwa kanisa. Tunapomwambia mgonjwa au mjane kwamba Mungu atamjibu mwezi huu, ilhali Mungu hakutaja mwezi, tunasema kwa sauti ya Hanania. Mwezi ukipita bila jibu, anayevunjika ni yule tuliyetaka kumfariji, na huenda akadhani ni Mungu aliyemdanganya.

Milango iliyofungwa mara mbili

Yesu aliwaachia wanafunzi amani yake usiku ule ule aliosalitiwa. Msalaba ulikuwa bado mbele yao. Kwa hiyo amani yake haikutegemea mambo kunyooka kwanza.

Jioni ya siku ya ufufuo milango ilikuwa imefungwa kwa hofu, naye akaja akawasalimu kwa amani. Angalia Yohana 20:26: siku nane baadaye milango imefungwa tena! Walikuwa wamekwisha kumwona Bwana, na bado wamejifungia. Hakuwaacha nje ya neema kwa sababu hiyo. Aliingia mara ya pili, akawapa salamu ile ile.

Tomaso alikaa na shaka yake siku hizo zote, lakini mara hii alikuwa pamoja na ndugu zake. Hakuificha, nao hawakumfukuza. Yesu alipokuja alimwonyesha majeraha, tena akamwita aache kutoamini. Naye baba wa Marko 9:24 alileta imani na upungufu wake katika ombi moja, na mtoto wake akaponywa. Shaka iliyopelekwa kwa Kristo imefika mahali pa kutibiwa. Iliyofungiwa moyoni hukua gizani.

Basi amani ya Kristo haiondoi kila swali. Inatuwezesha kulima, kuomba na kukaa pamoja swali likiwa bado wazi, kwa sababu aliye nasi tunamfahamu, na majeraha yake tumeyaona.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini watu walipendelea ujumbe wa Hanania? Ni faraja zipi za namna hiyo husikika kati yetu leo?
2. Kuna tofauti gani kati ya shaka ya Tomaso na ukaidi wa mtu asiyetaka kuamini?
3. Je, mtu akieleza shaka yake katika darasa letu la Shule ya Sabato, atapokelewaje? Tubadilishe nini?

Kwa matendo juma hili: Chagua kazi moja njema uliyoiahirisha kwa sababu ya hofu ya kesho. Ianze, huku ukimwombea kwa jina mtu mmoja ambaye bado anangoja jibu.